Dumu la Asali na Mlima wa Vugiri

Nilitoka Handeni Jumatano asubuhi kwenda Vugiri kumchukua mama mkwe wangu. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili tangu kabla sijaolewa. Alinijua kwa sauti na kwa mkono tu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Korogwe kesho yake, siku moja, na asiyefika saa mbili asubuhi angewasubiri hadi Mungu awarudishe. Mume wangu yuko kazini mbali, hivyo gari na safari vikaniangukia mimi. Sikulalamika. Baba yangu ni fundi magari, nami nimekulia chini ya magari ya watu.

Kabla ya kuondoka nilihamishia asali ya zawadi kwenye chupa, na dumu lake nikalijaza petroli ya akiba. Kwetu dumu halitupwi. Leo asali, kesho mafuta. Nililisuuza? Tuseme nililitikisa.

Hadi Korogwe gari lilikwenda vizuri, nami nikawa naimba. Old Korogwe nilisimama, nikamimina akiba yote tangini, nikaanza kupanda mlima.

Saa saba mchana, kona ya tatu, gari likaishiwa nguvu na kuzima. Nikalipumzisha dakika kumi, likawaka, likapanda kidogo, likazima tena. Ikawa hivyo mara nne. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita akasema, "Pole na gari, dada." Nikampita. Aliponipita mara ya pili alicheka tu.

Saa tisa nilifika kwa mama mkwe. Gari likazima uani, na safari hii halikuwaka tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari lako linakohoa kuliko mimi?"

Shemeji yangu Salimu, mdogo wa mume wangu, akauliza kama atafute fundi.

"Fundi yuko mbele yako, shemeji."

"Mimi namwona. Gari ndilo halimwoni."

Nilimfukuza na sigara yake hadi nyuma ya migomba. Niliwasha swichi bila kupiga stata, nikasikia pampu ikivuma kwenye tangi. Kumbe ni nzima, ila haipati mafuta. Nikachomoa waya wa betri, nikang'oa kiti cha nyuma, nikafungua kifuniko, nikalegeza mpira wa mafuta huku nimeuzungushia kitambaa, kisha nikaitoa pampu. Chujio lake lilikuwa limezibwa na ute wa kahawia. Nikalisugua kwa petroli mara tatu, na ute haukubanduka. Jua lilikuwa linainama. Hapo niliogopa, sifichi. Niliiona Alhamisi ikinipita.

"Lete hapa," mama akasema. Alipapasa chujio kwa kidole na dole gumba, akavibandua polepole, akanusa. "Mwanangu, hii ni asali."

Nikakumbuka dumu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na asali haioshwi kwa petroli. Maji ya moto. Ulifunzwa gereji, jikoni hukupita?"

Salimu alicheka huko migombani mpaka akakaa chini. Maji yalichemshwa jikoni, mbali na gari. Nilipolichovya chujio, ute ukayeyuka wote. Tulilianika hadi likakauka kabisa. Wakati huo nilifyonza kwa mpira mafuta yote tangini pamoja na asali iliyotuama chini, nikapangusa, Salimu akanunua petroli safi, nami nikairudisha pampu. Jioni, mwadhini akianza kuadhini, nikapiga stata. Gari likawaka mara moja. Mama alipiga kigelegele kabla yangu.

Alhamisi, saa moja na nusu, tulikuwa Korogwe.

Ijumaa asubuhi muuguzi alimfungua bandeji ya jicho lililopasuliwa. Chumba kilikuwa kimejaa wagonjwa na ndugu zao, na wengi nilishazungumza nao tangu jana yake. Mama alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akanigeukia, akanitazama muda mrefu, mpaka machozi yakanitoka.

Nilirudi Handeni nimejifunza kwamba dumu huoshwa, halitikiswi, na kwamba aliyekulia gereji hamzidi mama mkwe kitu. Lakini ninalolikumbuka ni neno lake la kwanza siku ile, baada ya watu wote wale kunitazama wakanyamaza.

"Mwanangu," alisema, akinyoosha kidole, "una grisi shavuni."