Kompyuta Iliyokataa Gari la Jumamosi

Mimi si mtu wa kuamini kitu haraka. Kwetu Samuye, Usukumani, mtu akikuletea mbuzi mnene kwa bei ya chini, swali la kwanza ni mbuzi huyo anaumwa nini. Kwa hiyo siku mtaalamu alipofungua kompyuta yake katika ofisi ya mabati ya kambi yetu kule Geita, mwishoni mwa miaka ya tisini, akatangaza kwamba kuanzia sasa mashine ndiyo itapanga safari, machale yakanicheza. Kazi ya kupanga safari ilikuwa yangu.

Kambi ilikuwa ya kutafuta dhahabu. Tulitoboa ardhi, tukafunga udongo na mawe kwenye mifuko, na kila Jumamosi pikapu ikapeleka mifuko hiyo Shinyanga ili isafirishwe kwenda kupimwa. Siku hizo kulikuwa na minong'ono kwamba baadhi ya mifuko inafika imefunguliwa. Hakuna aliyejua nani, ila kila mtu alikuwa na jina lake moyoni.

Mtaalamu, aliyeletwa na kampuni kusimamia usafiri na madereva, alikuwa kijana wa Tanga aliyesomea nje, mpole, msafi kupita kiasi kwa vumbi letu. Alinieleza kwamba mashine hiyo huiambii cha kufanya. Unaipa masharti tu, nayo inatafuta mpango usiovunja hata moja. Kwenye skrini kila safari ilikuwa na kisanduku chake, na ndani ya kisanduku majina ya wanaoweza kwenda. Ukibofya jina moja kwa mausi, majina katika visanduku vingine yanafutika yenyewe. Kijani maana yake mambo yamekaa sawa, nyekundu maana yake yamekwama. Pembeni kulichorwa mti, mzizi juu na matawi chini. Kila tawi lilikuwa jaribio, na likishindikana mashine ilirudi nyuma ikajaribu jingine.

"Sasa nani anachagua?" nikamuuliza.

"Hakuna anayechagua, dada. Masharti ndiyo yanayochagua."

Jibu hilo halikuniingia. Nilikuwa nimekaa maofisini vya kutosha kujua kwamba mtu akisema hakuna aliyeamua, ameamua yeye.

Akaniagiza nikusanye masharti ya watu. Madereva walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa Msabato, Jumamosi hashiki usukani hata umlilie. Mtaalamu mwenyewe akaongeza mawili: mama wa stoo, aliyekuwa akiitunza mifuko, lazima aisindikize hadi Shinyanga, na ni marufuku mtu kukaa nyuma ya pikapu. Hilo la pili lilinifurahisha. Mama wa stoo alikuwa na tabia ya kupanda nyuma juu ya mifuko, jua kali na vumbi lote lile, akisema kukaa mbele kunamtia kichefuchefu. Mimi nilijiuliza sana anafanya nini na mifuko ile njia nzima peke yake.

Wa mwisho kuja alikuwa dereva wa pili, mwanamume mrefu wa maneno machache.

"Dada, niandikie mimi na mama wa stoo tusikae mbele pamoja."

"Kwa nini? Mmegombana?"

"We andika tu."

Nikaandika, lakini nilimkazia macho mpaka akatoka. Huyu hataki mwenye mifuko akae karibu naye, na yule anapenda kukaa na mifuko peke yake. Hapa kuna namna, nikajiambia.

Mtaalamu akabonyeza. Mti ukateremka, matawi yakawa mekundu moja baada ya jingine, na kisanduku cha Jumamosi kikabaki kitupu. Nilifurahi, siwezi kuficha. Kwa kichwa changu gari lilikuwa linaondoka kila Jumamosi, hiyo mashine ya Ulaya imekwama wiki ya kwanza.

Lakini mtaalamu hakuona haya. Akayapitia masharti yote, akaanza kuondoa lile pekee lisiloandikiwa sababu. Alipoliondoa la dereva mrefu, visanduku vyote vikageuka kijani. Akanitazama, nami nikamtazama. Nikajua ameshafika pale nilipokuwa nimefika mimi.

Akamwita dereva. "Nieleze kwa nini hutaki kukaa na mama wa stoo. Na kama huna sababu, weka funguo za gari hapo mezani, kazi imeisha."

Dereva akatazama sakafu. Mtaalamu akamuuliza tena, akamuuliza na habari ya mifuko. Badala ya kujibu, dereva akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka mezani taratibu. Mwizi hujitetea. Ukimya ule ulinitia shaka kwa mara ya kwanza juu ya shaka yangu mwenyewe.

Nikatoka, nikaenda stoo. Mama alikuwa akihesabu majembe.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

"Dereva anafukuzwa. Wanamdhania wizi, kwa sababu hataki kukaa na wewe kiti kimoja na hasemi kwa nini."

Jembe likabaki mkononi. "Hajasema kitu kuhusu mimi?"

"Hajasema neno. Funguo kashaziweka mezani."

Akajifunga kanga upya, akanifuata. Lakini ofisini hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, akatupa mgongo, akazungumza huku anatazama mashine za kutobolea kule bondeni.

"Mwambieni mtaalamu huyo si mwizi. Ni mkwe wangu."

Mimi nilikuwa najua ana binti mmoja, na kwamba binti huyo, kwa maelezo yake, alipotelea Kahama.

"Hakupotea," akasema, kana kwamba nimeuliza. "Huyo alimchukua bila kuleta hata mshenga nyumbani kwetu, na sasa nasikia wana mtoto. Nikaapa sitamwita mkwe mpaka naingia kaburini. Lakini mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa mwanawe. Sisi hatufanyi hivyo."

Mtaalamu alikuna kichwa. "Mama, kwetu Tanga mkwe ndiye anayempakia mama mkwe garini kumpeleka hospitali. Halafu ulisema hukumtambua. Kama hujamtambua, si mkwe. Na kama si mkwe, hakuna kinachowazuia kukaa pamoja."

Hapo ndipo nilipoona kichwa cha yule kijana na mashine yake vinafanana. Na niseme kweli, kwa hesabu yake hakukosea.

"We baba," mama akasema, sauti imepanda, "si ndiyo nimemtambua sasa hivi? Hukusikia?"

Dereva alikuwa amechuchumaa palepale kando ya meza, uso chini, mikono miwili imeshikana. Nikakumbuka kwamba kwa miezi yote tuliyokaa kambi moja, sikuwahi kuwasikia wale wawili wakisalimiana.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilihofu haijafika dirishani.

Yule mama hakugeuka. Alivuta kanga, akafuta uso.

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu anaitwa nani?"