Mikataba ya Baba na Ua wa Kayaba

Baba alikuwa mwalimu wa historia, na sidhani kama kuna mtu katika Kitengela nzima aliyewakasirikia Waingereza wa kabla ya Vita Vikuu vya Pili kama yeye. "Mtu mwenye njaa ya ardhi," alituambia darasani, akigonga ramani kwa chaki, "humtulizi kwa kumwonjesha!"

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Tulihamia Kitengela miaka ya tisini, na ploti yetu ikapakana na ya mzee mmoja aliyenunua mbuzi katika soko la Bisil na kuwauza kwa wenye bucha. Alikuwa mkarimu, mwenye kicheko kikubwa. Lakini kila alipotuletea maini, Mama alitoka nje kuukagua ua wa kayaba, ile miti ya miiba iliyotutenganisha naye.

Mara ya kwanza gari lake la mbuzi lilikuwa linashindwa kugeuka. "Mwalimu, nipatie tu hatua moja hivi. Si sisi ni majirani?" Baba akaagiza chai, akachana karatasi katikati ya daftari, akaandika mkataba kwa ile hati yake nzuri: hatua moja, nayo ni ya mwisho. Wakatia sahihi wote wawili. Kisha Baba akaingia jikoni akiipunga ile karatasi.

"Mambo yamekwisha," akamwambia Mama. "Tumeelewana."

Miche ya kayaba ikapandwa upya, hatua moja ndani ya kwetu. Mwaka uliofuata yakaja maini mengine, na safari hii ng'ombe wake alihitaji banda. Chai, karatasi, sahihi. Neno "mwisho" lilipigiwa mstari mara mbili.

Nilipofika kidato cha nne, Baba ndiye aliyenifundisha. Siku hiyo somo lilifika pale waziri mkuu wa Uingereza anaposhuka kwenye ndege akipunga karatasi aliyotia sahihi pamoja na mtawala wa Ujerumani, baada ya kumwachia kipande cha nchi ya watu wengine. Mimi nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu.

"Kuna nini cha kuchekesha?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

Nilipiga magoti mpaka kengele ikalia. Nadhani alijua nilichekea nini, maana njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu.

Ombi la tatu lilikuwa la zizi la mbuzi, na hatua hiyo ilipita katikati ya tuta la mboga za sagaa la Mama. Mbegu za sagaa hiyo alikuja nazo kwenye pindo la leso siku tulipokimbia kutoka Bonde la Ufa. Huko pia maneno yalianzia kwenye mpaka wa shamba, na yalipoisha nyumba yetu ilikuwa majivu. Nilikuwa mdogo sana kukumbuka, na nyumbani hatukuizungumza. Mama hakuwa na kitu kingine cha kwao ila zile mboga.

Baba alikuwa ameshatia sahihi. Asubuhi Mama aliyaona maini mezani, hakuyagusa. Alichukua kigoda na ungo wa maharagwe, akaenda kuketi katikati ya tuta lake, uso kwa jirani. Mzee akafika na jembe na miche yake.

"Habari ya asubuhi, Mama?"

"Mzuri."

"Tuliongea na Mwalimu."

"Mliongea na Mwalimu. Mimi niko na maharagwe ya kuchagua."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Ni mingi."

Mzee aliutazama ungo, akautazama uso wa Mama, akaangua kicheko. "Si mngeniambia tu hapana toka mwanzo? Mimi huomba tu. Mtu akinipea, nitakataa aje?" Akabeba miche yake akarudi. Jioni alituma mtu kuomba sagaa, na Mama akamchumia ya kutosha.

Nilimchokoza Baba wiki nzima. "Mwalimu, kumbe mtawala wa Ujerumani alihitaji kuonyeshwa ungo tu!"

Alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini.

"Hata kule Bonde la Ufa mama yako alikaa hivyo hivyo," akasema. "Mlangoni, na ungo wake, akakataa kutoka. Nilimbeba huku paa linawaka. Wewe ulikuwa mgongoni mwake."

Niliona aibu. Kutoka jikoni nilisikia kisu cha Mama kikisita, kisha akaendelea kukatakata mboga, na nilijua amesikia.

Miaka mingi baadaye, yule mzee alipofariki, wanawe walikuja wenyewe. Walisema wanajua ua umepinda mara mbili kuingia kwetu, na wangependa tuunyoshe ufuate bikoni za wapima ardhi, kila mtu abaki na chake. Niliwashukuru, nikaanza kuuliza watakuja lini.

Baba alikuwa ameketi barazani, macho yamekwisha nguvu, redio masikioni. Nilidhani hatusikii.

"Uacheni," akasema. "Nilimpa."