Palizi ya Shangazi Nasimiyu

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya palizi kule kwetu Bungoma, nimesimama kando ya shamba na viatu vyangu vya mjini, nikiwatazama akina mama wakipalilia mahindi kwa safu moja, na roho ikiniuma kwa jinsi walivyokwenda polepole. Nakuambia haya kwa sababu juzi ulikuja kunieleza, uso umechangamka, kwamba umeacha kazi ya ofisi ili uwafundishe watu kufanya kazi zao vizuri na kuzimaliza mapema. Sikukujibu. Ulidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa nimerudi kwenye lile shamba.

Hata mimi niliwahi kuacha kazi. Nilikuwa karani Kitale, kwa mfanyabiashara mmoja wa maziwa, na nilisifiwa kwa sababu meza yangu ilikuwa safi kila jioni. Wenzangu walikuja kwangu niwapangie siku zao. Nikasema, mbona nisiifanye hii kuwa kazi yangu? Mama alilia, akaniuliza ni mtu gani mzima atanilipa nimfundishe kuamka. Lakini watu walikuja. Wenye maduka wa Kiminini waliniita, walimu waliniita, makanisa nayo. Niliwafundisha kuanza na kazi ngumu asubuhi, kuzima simu, kukataa vikao visivyo na mwisho. Ule msemo wa haraka haraka haina baraka niliwakataza kabisa wasiutaje mbele yangu. Nilikuwa na mdomo, mwanangu, na ujana ulikuwa umenikaa vizuri.

Sasa, shangazi yangu Nasimiyu, dada ya baba, ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alikuwa katika kikundi cha akina mama wanaosaidiana shambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yaishe. Desturi yao ilikuwa kusimama safu moja, kila mmoja na mstari wake wa mahindi, wakasonga mbele pamoja. Aliyetangulia kufika mwisho aliegemea jembe akingoja, au aligeuka akamsaidia aliyebaki nyuma. Hakuna aliyeanza mstari mpya kabla wote hawajafika, na kazi ikiisha waliondoka pamoja. Wao waliona safu. Mimi niliona majembe yameegemewa tu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyewaomba wanisikilize. Alijivunia mimi kupita kiasi. Niliwaambia wagawane shamba, kila mmoja achukue kipande chake, na akimaliza aende zake nyumbani. Mkubwa wao, bibi mmoja mzee tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya, aliuliza kwa upole kama kweli kuna haja. Lakini wale wenye watoto wadogo walipenda, wakajaribu. Na kusema kweli, shamba lililokuwa likiwala siku nzima liliisha kabla ya chakula cha mchana. Hapo sikumdanganya mtu.

Basi nikaigeuza habari yao kuwa mfano wangu wa kila mahali. Palizi ya pili ilipofika, nilikuwa kwenye ukumbi mmoja mjini Bungoma nikiwaeleza watu jinsi akina mama wa kwetu walivyojifunza kutopoteza wakati, nao wakanipigia makofi. Mchana huohuo shangazi alikuwa peke yake shambani. Wenzake walikuwa wamemaliza vipande vyao na kwenda. Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu mwaka uliotangulia, nami sikujua, kwa maana sikuwahi kumuuliza. Alianguka katikati ya mahindi. Yalikuwa yamefika kiunoni, na mtu anayepita njiani asingeweza kumwona. Mume wake alidhani bado yuko na wenzake, na wenzake walidhani ameshafika nyumbani. Walimpata jioni, akiwa ameshakata roho.

Daktari alisema pengine hata angeonekana mapema asingepona. Pengine. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii na bado sijalizoea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji hakupona.

Baada ya mazishi Kukhu aliniita nyuma ya jikoni, akina mama walipokuwa wakiosha sufuria. Nilijiandaa kutukanwa. Afadhali angenitukana.

"Wewe uliona tunaenda pole, ukafikiria ni uvivu," akasema. "Hiyo pole ilikuwa ya shangazi yako. Tulikuwa tunamngojea na hatusemi, juu angejua, angekataa kuja."

Nilimuuliza mbona hakuniambia tangu mwanzo.

"Ningesema aje, na yeye amekaa hapo? Na wewe hukuuliza. Ulikuja na jibu tayari. Lakini na mimi nilirudi nyumbani mapema siku hiyo, nikafurahi. Hii tutabeba pamoja."

Alinishika mkono kidogo, kisha akarudi kwenye sufuria zake. Msimu uliofuata nilisikia wamerudia safu yao. Mimi sikwenda kuwatazama. Nilikaa Kitale mlango nimeufunga, na watu walioniita niliwaambia naumwa, na haukuwa uongo.

Baadaye nilirudi kwenye kazi ile ile, kwa hiyo usinisikie vibaya. Sikukatazi. Wako watu wanaoimaliza siku yao bure kabisa, na wanahitaji mtu wa kuwaambia. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujampangia mtu kazi yake, ifanye naye. Shika jembe, simama kwenye safu, uchoke naye. Ukiona watu wanakawia, usianze kuhesabu saa, uliza kwanza wanamngoja nani. Mara nyingi utakuta hakuna, ni uvivu mtupu, na hapo sema bila kuogopa. Lakini ukikuta yuko mtu, mgonjwa, mzee, au aliyefiwa ambaye mikono yake imekuwa mizito, basi funga mdomo wako na uwaache waende hivyo hivyo. Hiyo nayo ni kazi wanayoifanya, ila haionekani ikiisha.

Nenda basi, mwanangu, na mikono yangu iko juu ya kichwa chako. Mungu akupe watu wa kukusikiliza, akupe na masikio ya kuwasikiliza wao. Na siku itakapofika ambayo wewe ndiwe utakayekuwa nyuma, jembe limekushinda na wenzako wako mbele, Mungu akupe watu wa kukungojea.