Divai Aliyoitema Baba

Ninyi mliokua nami Black Rock, kule Buffalo, Marekani, bado mnaniita Mtema. Juzi mmoja wenu kaniandikia hivyo kwenye kundi letu la simu, bila hata salamu. Na mimi sasa ni mtu mwenye heshima zangu! Diploma ya uendeshaji wa hoteli ninayo, imetundikwa ukutani. Nyumba ya wageni hapa Bujumbura nimeijenga kwa jasho langu, hakuna aliyenibeba. Lakini jina hilo likitajwa, masikio yananiwaka kama yalivyowaka nikiwa na miaka kumi na minne.

Haya, tukumbuke pamoja. Mwaka 2014, 2015 hivi, theluji ikifika madirishani, tulipasua maboksi ya televisheni tukateleza nayo kwenye mteremko nyuma ya reli. Tulivaa makoti ya msaada wa kanisa, mikono mirefu kupita vidole. Shuleni tulikula piza iliyopoa, nyumbani maharage na ugali wa muhogo, na harufu ya dagaa ilitufuata hadi ndani ya basi la shule, kila mtu akijifanya hajui imetoka kwa nani. Mama alikuwa akisema, "Anayeona haya chakula cha kwao na ale theluji." Vijana wa leo intaneti ikikatika kidogo tu wanasema wameteseka.

Jumamosi, majani yalipoanza kuanguka, baba alikwenda kuchuma zabibu kwenye shamba moja la zamani karibu na ziwa, ambalo wenyewe walilirithi kwa babu yao. Zilikuwa zabibu za Riesling, ndogo, za kijani kama shanga. Kwa baridi ile ziliiva polepole mno, sisi tumeshavaa kofia za sufu nazo bado ziko mtini. Baba alirudi vidole vimekakamaa, nguo zikinukia utamu na uchachu, akijisifia shamba kana kwamba ni lake.

Mavuno yalipokwisha, mama mwenye shamba aliwaita wachumaji waonje divai. Baba akanichukua nikamtafsirie, nami nikapewa juisi ya tofaa. Yule mama akazungusha glasi, akanusa, akaonja, halafu akatema kwenye ndoo. Baba akashtuka. Kwetu, mnajua wenyewe, mwenye nyumba hunywa kwanza na kumeza mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba hakuna sumu.

"Hebu muulize, mbona anatema?" baba akaninong'oneza.

Sikuuliza. Mimi, niliyelishinda darasa zima kwa Kiingereza, niulize? "Ndio ustaarabu wa divai, baba," nikamjibu. Akaniamini, akanunua chupa kwa ajili ya posa ya dada.

Dada yangu Dafroza alikuwa anaposwa na Elia, kijana wa Kirundi kama sisi, aliyekuwa akisoma mji wa Columbus na kupanga chumba karibu na chuo. Wazazi wake waliishi Newburg, Louisville. Walikuja kwa gari, safari ya kutwa nzima, wakajaa sebuleni kwetu na suti na vitenge vyao, wakiongozwa na baba yake, mzee Bonifasi. Baba akaifungua Riesling, akawamiminia. "Hii nimeichuma kwa mikono yangu," akasema. Akainua glasi yake, akazungusha, akanusa, akaonja, akatema ndani ya bakuli.

"Mwenzangu," mzee Bonifasi akasema, akiweka glasi yake chini, "umeona nini humo?"

"Kama kooni kwake haipiti," shangazi yake Elia akadakia, "kwetu itapitaje?"

Nikajitosa. "Ndivyo wazungu wanavyofanya, mzee."

"Kumbe! Na binti huyu tumekuja kumposa kwa wazungu?"

Dafroza alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, sinia mkononi. Hakuwatazama wageni, alinitazama mimi. Shangazi alikuwa ameshashika mkoba wake. Wangeinuka wakati ule, posa ingekuwa imeishia pale.

Baba akacheka, peke yake. "Mnisamehee mwanangu, ndiye msomi wa nyumba hii. Kaniambia unatema, nikatema. Sasa ngojeni ninywe kwa ujinga wangu." Akajaza glasi hadi ukingoni, akanywa yote, koo likipanda na kushuka, kisha akaipindua watu waone.

"Koo tumeliona," mzee Bonifasi akasema. Akaonja, uso ukakunjamana kwa ukali, halafu utamu ukamfikia. Akamgeukia yule shangazi. "Kunywa, dada. Utamu wake unachelewa, lakini unafika."

Dafroza akaolewa. Mimi nikabaki na jina.

Chuoni ndiko nilikofundishwa kwamba anayetema ni yule anayeonja chupa nyingi kwa siku moja, asije akalewa. Basi. Yule mama wa shamba, lau ningemuuliza, angenijibu huku anatabasamu.

Siku hizi vijana wanaposana kwa video. Kila mmoja ana chupa yake mdomoni, akiwa ameshaipiga picha, na hakuna anayetazama nani kaonja kwanza. Hapa kwangu wakubwa huja, nawamiminia divai, nawaeleza habari za zabibu na baridi, nao wanatikisa vichwa. Halafu nampigia baba, bado yuko Buffalo, nimsimulie niliowakaribisha. Haulizi vyeo vyao.

"Ulimeza?"

"Nilimeza, baba."

Anacheka mpaka anakohoa. Nami nainamisha uso, ingawa hanioni.