Koti la Mwalimu wa Hesabu

Dada yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Siku iliyofuata baada ya binti yake kuleta sifuri ya hesabu nyumbani, dada aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akaniburuta mpaka shuleni.

"Watoto wa siku hizi ni wavivu, mama," mwalimu mkuu alitupokea. "Walimu wapo. Watoto ndio hawataki kusoma."

"Haya, nionyeshe huyo wa hesabu," dada alimjibu.

Tulimfuata. Madarasa mengine yalikuwa na kelele, lakini darasa la binti yake dada lilikuwa kimya hata nikasikia nzi. Watoto wote walikaa wima, macho mbele. Ubao ulikuwa mtupu. Nyuma ya meza palikuwa na kiti, na kwenye kiti lilitundikwa koti la kahawia. Mwalimu hakuwepo.

Dada alilishika koti begani. Vumbi likatimka, buibui akakimbilia ndani ya mkono wa koti.

"Mama, usiliguse!" binti yake alinong'ona kutoka dawati la mbele, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu alisema anatoka kidogo, tukae kimya mpaka arudi."

"Alisema lini?"

"Mwaka jana."

Dada alimgeukia mwalimu mkuu, na nikajua leo mtu atasemwa mpaka ajute kuzaliwa. Lakini yule bwana alikuwa amesimama kwa adabu mbele ya lile koti, kidole mdomoni.

"Taratibu, mama," alinong'ona. "Kipindi kinaendelea."