Siku Lori la Tata Lilipokuja Mara Mbili

Najua mmeshasimuliwa na watu wengine, tena wakaongeza chumvi (eti nililia mbele ya mchungaji, sikulia, ulikuwa moshi), kwa hiyo bora aibu yangu mniachie niisimulie mwenyewe.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa na lori la kijani la pua ndefu ambalo Nyansurura nzima walilitambua kwa kikohozi chake kabla hata halijatokeza. Lilibeba mtama, ng'ombe wa mnadani, maharusi, wagonjwa, kila kitu. Alipofariki likabaki nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva, na baba mdogo Marwa akaanza kusema liuzwe chuma chakavu. Mimi mtoto wa kwanza, nauza mchanga na mawe kule Kewanja, nikasimama kwenye kikao cha ukoo nikasema haliuzwi, nitalifufua.

Baba mdogo akacheka mbele ya wote. "Bhoke, wewe binti. Lori la mwanaume unalipeleka wapi?"

Hapo hasira zikanipanda. Nikalikokota hadi Matongo kwa fundi Chacha, kijana mpole ambaye kila akifungua kitu anasikitika kama yuko msibani. Tukaanza na injini tu. Injini mpya ikaizidi nguvu giaboksi, tukabadili giaboksi. Kichwa cha lori kikawa kimeoza, tukaleta kingine cheupe. Bodi tukachomelea mpya. Mwisho Chacha akaingia uvunguni, akatoka na kutu usoni, akasema, "Dada, na chasisi nayo imechoka," nami nikasema weka nyingine (mtu akishanogewa na vitu vipya hasikii). Cha zamani kilichobaki kilikuwa kibao cha namba, nikakiosha kwa sabuni na kukifunga kwa mikono yangu, namba ile ile ya herufi A wakati wenzangu wote wako kwenye E, maana kwangu mimi ile namba ndiyo ilikuwa tata mwenyewe.

"Na haya makorokoro?" Chacha akauliza, akionyesha rundo.

Kwa ukarimu wa mtu mwenye lori jipya nikamjibu, "Chukua tu, nayafanyia nini?"

Neno hilo ndilo lililoniponza.

Nikaandaa sherehe ya kulirudisha nyumbani. Mbuzi, kwaya, mchungaji wa kulibariki, walimu, manesi wa zahanati, wazee wote wa ukoo, hata trafiki mmoja, mgeni kutoka Lindi, nilimwalika kwa mdomo wangu huu aje aone gari linavyotakiwa kuwa. Asubuhi nikagundua viti havitoshi, nikampigia Chacha anitafutie gari la kuleta viti vya kukodi. Akasema, "Usihangaike dada, nina langu." (Sikuuliza langu lipi. Ningeulizaje?)

Nikaingia uwanjani napiga honi, vigelegele vikapasuka, nikashuka kwa madaha na kumwamkia mama shikamoo. Mama akalizunguka lori polepole, akagonga mlango, akaingiza kichwa ndani na kunusa kiti.

"Zuri," akasema. "La nani?"

"La tata, mama! Tazama namba."

Akaitazama namba kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni. Baba mdogo akawa anatabasamu kwa upande, basi nami nikanyakua kipaza sauti nikapaaza, "Ndugu zangu, wako waliosema hivi ni vyuma chakavu! Leo tata amerudi nyumbani!"

Ndipo tukasikia kikohozi.

Kila mtu aligeuka. Likawa linapanda kilima na moshi wake, la kijani, pua mbele, viti vya plastiki vimerundikwa hadi juu, na Chacha kwenye usukani anatupungia mkono kwa moyo safi kabisa. Kila kitu nilichokitupa, huyu kijana alikuwa amekitibu na kukifunga upya. Mlangoni palikuwa na namba ile ile, aliyoichora tata kwa brashi, herufi zimelala upande.

Mama, ambaye magoti yanamsumbua, alikimbia. "Baba Bhoke! Baba Bhoke!" Akaikumbatia ile pua ikiwa ya moto. Wazee wakamfuata, kwaya ikamfuata, mchungaji akaenda na Biblia yake, na pale kwenye lori langu jeupe tukabaki mimi, kipaza sauti na trafiki.

Trafiki aliacha kutafuna. Akaangalia namba hii, akaangalia ile, akaweka mfupa chini. "Dada, hawa mapacha wamezaliwa lini?"

Akaomba kadi, akaingia uvunguni mwa malori yote mawili na sare yake nyeupe, akatoka mweusi. "Kadi ni ya lile la kijani. Injini, chasisi, mpaka rangi. Hili lako, samahani sana, halijasajiliwa popote."

Na kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Uwanja mzima ulisikia.

Chacha karibu alie. "Dada, si ulisema nichukue?"

Nikamgeukia baba mdogo, nikijua sasa atanimaliza. Lakini alikuwa ameegemea mlango ule wa kijani, macho yamelowa, hacheki. "Bhoke," akasema, "umelifufua kweli. Ila siyo hilo."

Kibao nilikifungua mimi mwenyewe, huku watu wanatazama, nikakipeleka kwenye lori linalostahili. Leo Chacha analiendesha kwa niaba ya ukoo, na kila siku ya mnada mama anakaa mbele kama waziri. Langu jeupe lilikaa uani mpaka lilipopata namba yake, na sasa linabeba mchanga kimya kimya, bila hotuba.

Ila tangu siku ile, nikinunua hata sufuria jipya, lile la zamani nalitoboa kwa msumari kwanza, ndipo nampa mtu.