Noti za Benki Zilizokufa

Mwenzangu, jana ofisini mtu alitia kitambulisho kwenye mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki, na ile harufu ya moto ikanirudisha Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, kwenye chumba chetu cha mabati, nikiwa na miaka kumi.

Baba aliuza vitabu vikuukuu kando ya njia kule Marshalltown, katikati ya jiji. Ndani ya vitabu hivyo ndimo alimoanza kuzikuta noti za vibenki vya miji midogo ya nchi hii, vibenki vilivyokufa kabla babu hajazaliwa. Jumapili, tukishakula magwinya, yale maandazi ya huku, na chai ya rangi, alinawa mikono kwa sabuni, akazitandaza kitandani, akanionyesha sahihi ya meneja iliyoandikwa kwa wino. "Benki imekufa," alizoea kusema, "lakini ahadi yake ninayo." Zilifika saba. Mzee mmoja mwenye duka la sarafu aliziona mbili, akasema mwisho wa mwezi azilete zote. Kwa bei aliyoitaja, mama angetoka kambi ya wakimbizi Tanzania akatufikia.

Wiki hiyo mvua ikanyesha, bati likavuja juu ya kopo la noti. Nikaogopa. Sisi wakimbizi karatasi ya thamani hatuiachi hivi hivi: cheti changu cha kuzaliwa, picha ya mama, vyote vilikuwa ndani ya plastiki. Basi nikachukua pesa nilizojiwekea za magwinya, nikazipeleka noti zote kwa mama mmoja Mkongo wa fotokopi, akazifunika kwa plastiki ya moto. Zilitoka zinang'aa. Nilijiona mtu mwenye akili kweli kweli.

Baba alipoziona alikaa kitandani, akazigeuza moja moja. Kisha akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Tulikwenda pamoja dukani. Yule mzee alizigeuza, akajaribu ukingo kwa ukucha. "Eish, bwana. Plastiki hii haitoki bila kuchana karatasi. Siwezi kuzinunua." Baba akamshukuru. Njiani alininunulia chipsi.

Chumba kile kilishabomolewa, na duka la sarafu sasa linauza simu. Ninazililia zile Jumapili, lakini kulia hakunifai kitu. Baba hakunilaumu hata siku moja. Usiku wa siku ile nilimsikia kwenye simu akimwambia mama kwamba noti zimeibwa. Mama alifariki kambini miaka miwili baadaye, na shangazi aliyemuuguza alituambia kwamba mpaka mwisho alikuwa akiwalaani wezi wa Johannesburg.